Shitingi Kubwa Iko Kumsenga

Deo, wewe uliyenirithi stoo, tangu nistaafu umenipigia simu mara nyingi kuuliza jambo lile lile: shitingi kubwa iko wapi? Nasikia umeipekua stoo ya Kasulu yote, ukatuma mtu Kibondo, na juzi ukapanda darini na tochi. Shuka huko, baba, utavunjika mguu bure. Haiko darini. Nimeamua kuandika ili msome wote mnaofanya kazi pale, maana kwenye simu kila nikifika patamu mtandao unakata, unabaki na nusu ya habari, na nusu ya habari ndiyo iliyokupandisha darini.

Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua wenyewe.

Nilianza kazi Kibondo, enzi hizo Kakonko ikiwa bado ndani ya Kibondo, kwenye stoo ya shirika moja lililohudumia kambi za wakimbizi. Mkuu wa stoo alikuwa Mzee Salumu, mtu wa Kasulu mjini, ukoo wa wenye maduka, ila baba yake alitokea Pangani, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko barabara zetu zote. Siku ya kwanza nilifika nimevaa shati jeupe. Alilitazama lile shati kwa huruma, akanipa mkono, akaketi.

"Kijana," akasema, "niletee shiti."

Nilikuwa nimetoka shule na Kiingereza changu nilikiamini. Nikaenda kwenye rafu nikaleta shuka la kitanda, limekunjwa vizuri. Akatikisa kichwa. Nikaleta karatasi. Akatikisa kichwa. Nikasema aa, huyu anawaza ujenzi. Nikaburuta bati, likanikata kidole. Akanipa kitambaa nifunge kidole, kisha akatikisa kichwa. Nikaleta shitingi, lile turubai la plastiki ambalo huku kwetu kila mtu analijua, kwa sababu nusu ya vyoo na mabanda ya wilaya yamevishwa hilo. Nikajua sasa nimempata. Mzee akainua kikombe cha kahawa, akanywa taratibu, akatikisa kichwa.

"Sasa mzee, shiti ni nini?"

Akainama chini ya meza akatoa kamba.

"Mzungu akiwa nchi kavu, shiti ni hayo yote uliyoleta. Akipanda chombo, shiti ni kamba. Hii inayolishika tanga lisiondoke na upepo. Baba yangu na wenzake wakiiita demani."

"Ningejuaje? Hapa Kibondo bahari iko wapi?"

"Usingejua. Ndiyo maana ungeniuliza. Na usingeniuliza nataka nini, maana nimeshakwambia nataka shiti. Ungeniuliza: mzee, unataka kufanya nini?"

Nilimchukia siku nzima. Shati jeupe lilikuwa na damu na kutu, na mama yangu alipoliona alidhani nimeajiriwa machinjioni.

Lakini muda haukupita nikaanza kumwelewa. Zahanati moja kambini iliomba shiti, na wakubwa wa mjini, watu wasiouliza mtu anataka kufanya nini, wakaleta lori zima la bati. Muuguzi akaja mwenyewe kwa miguu. "Naomba kuelekezwa," akasema, mpole kabisa. "Hizi bati wagonjwa wajifunike au wazilalie?" Dereva wetu mmoja alipoambiwa hajaleta taimshiti, ile karatasi ya kuandikia saa za kazi, alikasirika, akaapa aliirudisha wiki iliyopita, ikiwa imekunjwa, na haikuwa na tundu hata moja. Na mama mmoja Mkongomani, nilipomwambia atoe shitingi yake tuikague, alinitazama kama nimemwambia avue nguo. "Papa," akasema, "shitingi njo nyumba," yaani ndiyo nyumba yenyewe. Tangu siku hiyo sikuwahi tena kuliita lile turubai kitu kidogo.

Sasa tuje kwenye shitingi kubwa yenyewe. Hiyo haikuletwa na mtu. Aliitengeneza Mzee Salumu kwa mikono yake. Alichukua shitingi za kufunikia malori, akaziunga kwa sindano nene na uzi wa nyavu, akakunja pindo, akapitisha kamba pembeni kote. Ikitandazwa ilifunika uwanja wa mji wa mtu na kuku wake. Tuligawia chakula chini yake. Tulianikia mihogo juu yake. Iliwahi kuwa ukumbi wa mikutano, darasa, na kioo cha kuoneshea mpira, ambapo golikipa alikuwa na mshono katikati ya uso. Na kwa sababu sisi nasi tuna jamaa na majirani, palipokuwa na msiba au harusi shitingi ilitoka, ikafanya kazi, ikarudi.

Mzee aliiwekea sheria moja: aliyefunga ndiye afungue. Nilidhani ni maringo ya watu wa pwani. Ndipo siku ya sherehe fulani jamaa mmoja, kwa nia njema kabisa, akafungua kamba ya kwanza aliyoiona, na shitingi yote ikamwangukia mgeni rasmi. Lazima niseme ukweli, yule mgeni rasmi alikuwa mwanamume. Kipaza sauti hakukiachia, na hotuba aliimalizia humo humo ndani. Tuliona tu mkono ukipanda na kushuka. Kuanzia hapo, nikifunga mimi, hakuna aliyegusa fundo langu, na nisipoambiwa na mtu aliyekuja kuiazima, sifungui hata mvua ya mawe inyeshe.

Mzee Salumu alipostaafu aliniachia sindano, sheria, na kikombe. Haikupita miaka mingi likatokea la Kumsenga.

Kumsenga, kijiji cha huko huko Kibondo, kulikuwa na mapacha wawili wazima wa makamo. Huku kwetu pacha hawasumbui mtu kutafuta majina: aliyetangulia ni Bukuru, aliyefuata ni Butoyi, kwisha. Walifanana hadi mbwa wao alikuwa anabweka kwanza ndipo anafikiri. Bukuru alimtangulia mwenzake duniani kwa muda wa mama yao kuvuta pumzi, basi pumzi ile ikamgharimu Butoyi maisha yote. Bukuru ndiye aliyekaa kwenye kiti chenye mikono, Butoyi kwenye kigoda. Bukuru aliwekewa chakula kwanza. Butoyi akifungua mdomo, wazee wanamwambia, subiri, mkubwa wako hajasema.

Bukuru alikuwa na binti, Adelina, aliyeposwa na kijana wa Rungwe Mpya kule Kasulu. Ndoa ilishatangazwa kanisani, ifungwe Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima, maana Kwaresima ikishaanza hakuna kufunga ndoa mpaka Pasaka. Baba mtu akaenda Tabora kwenye mashamba ya tumbaku kutafuta chochote cha harusi. Siku zikaenda, simu yake haipatikani. Halafu ikaja habari: Bukuru amefia huko, kitambulisho kimeonekana, begi limeonekana, na wameshamzika.

Butoyi alikuja stoo mwenyewe kuazima shitingi, amelia mpaka sauti imekauka. Nilikwenda nayo, nikaifunga. Mvua zilikuwa zinanyesha na watu walikuwa wengi. Kama ilivyo desturi, Butoyi akawa mkuu wa msiba, akakalishwa kwenye kiti chenye mikono. Nilirudi baada ya siku mbili tatu kukaza kamba nikamkuta amekuwa mtu mwingine. Mgongo umenyooka. Anasema "leteni maji," maji yanakuja. Anakohoa, wazee wananyamaza wakidhani anataka kusema. Kulia analia kweli, machozi ya ndugu, lakini kitini amekaa kama kilichongwa kwa ajili yake.

Adelina ndiye aliyenihurumisha. Wakwe walikuja kutoa pole, watu wa heshima, wakala, wakasema basi na harusi ingoje, baada ya Pasaka tutazungumza upya. Anayejua lugha ya wakwe anajua "kuzungumza upya" maana yake ni nini. Kule Rungwe Mpya kulikuwa na shangazi wa kijana yule, mwenye binti mwingine tayari mkononi. Kwa hiyo Adelina alikuwa analilia baba na mchumba kwa pamoja, na akili haikujua ianze na yupi.

Siku ile ile niliyorudi kukaza kamba, alasiri, katikati ya manyunyu, Bukuru akarudi nyumbani.

Sasa ninyi vijana wa mjini mtasema, si angepiga kelele? Hamjui. Kwetu mtu mzima akikuta msiba hasimami uwanjani kuuliza nani kafa. Anainamisha kichwa, anakwenda wanapokaa wanaume, anakaa nyuma, ananyamaza, anapokea anachopewa, na habari itamfikia kwa wakati wake. Bukuru alilelewa vizuri. Aliona shitingi uwanjani kwake, akainamisha kichwa, akakaa nyuma. Waliomwona walidhani ni Butoyi katoka chooni. Waliokuwa wanamwangalia Butoyi kitini hawakugeuka nyuma. Wakamletea ugali na maharage.

Alinisimulia baadaye. "Nilimwona mke wangu analia, nikasema ashukuriwe Mungu, si yeye. Nikatazama watoto, wote wapo. Nikatupa jicho zizini, ng'ombe wapo. Nikamwona Butoyi kwenye kiti changu, nikasema huyu naye mzima, tena mzima kupita kiasi. Basi nikala."

Alipokaribia kumaliza akamwinamia jirani yake, mkulima aliyehamia kijijini karibuni, asiyemjua. "Ndugu, tunamlilia nani?"

"Mwenye mji."

"Mji upi?"

"Huu tuliokaa. Bukuru. Kafia Tabora."

Bukuru akaacha kutafuna. "Amekufa lini?" akauliza. Anaapa hakuna swali jingine lililomjia kichwani.

Mimi nilikuwa nyuma nakaza kamba. Nikaona shingo ninayoijua. Nikatazama kitini, nikaona uso ninaoujua. Lubisi, pombe yetu ya ndizi, nilikuwa sijaionja, kwa hiyo sikuwa na cha kusingizia. Kabla sijafungua mdomo, katekista akasimama na karatasi yake kusoma wasifu wa marehemu, kwa sauti ile wanayofundishwa.

"Marehemu Bukuru alikuwa mtu mpole, mnyenyekevu, asiyependa ugomvi..."

"Hiyo si kweli," ikatoka sauti nyuma.

Watu wakageuka. Yoo! Mana yanje! Mungu wangu! Wanawake walikimbilia migombani, mmoja na chungu chake cha moto mikononi, wala hakumwaga hata tone. Wazee waliosema siku zote miguu haina nguvu niliwaona wakiruka ua. Katekista aliendelea kusoma, maskini, kwa sababu ya mazoea, akafika mpaka "ameacha mjane" ndipo mjane mwenyewe akampita kwa kasi, akamzaba marehemu kofi moja safi. "Ulikuwa wapi, mshenzi wewe!" Kisha akamkumbatia akaanguka naye kwenye matope. Adelina alipiga magoti palepale akawa anamwita baba yake "Data! Data!" bila kusogea, kama anaogopa akimgusa atayeyuka.

Habari ikaeleweka: begi na simu viliibwa njiani, na mwizi ndiye aliyepata ajali akiwa na kitambulisho cha Bukuru. Katekista alituliza watu, akasema sala hazipotei, zote zitakuwa zimemfikia yule marehemu mwingine. Bukuru alinuna. "Kaiba begi," akasema, "sasa kaiba na novena."

Tulicheka, tukalia, tukacheka tena. Kisha Bukuru akafuta uso, akanigeukia. "Bwana Stoo, shusha hiyo shitingi. Binti yangu anaolewa Jumamosi."

Nikaenda kwenye kamba. Sauti ikanizuia.

"Nani kakwambia ushushe?"

Alikuwa Butoyi. Hajainuka kitini.

"Mwenye mji kasema," nikamjibu.

"Mwenye mji ni marehemu," akasema Butoyi. "Na marehemu hana sauti kwenye msiba wake."

Niliwatazama wazee waliokuwa wanarudi kutoka nyuma ya ua wakijipangusa. Nikategemea wacheke. Wakafikiri. Wakafikiri tena. Balaa ni kwamba walikubaliana naye! Matanga huanuliwa na mkuu wa msiba, na mkuu wa msiba ni aliyeketishwa. Uwanja haujafagiwa, lubisi ya kuondoa msiba haijanyweka, na wageni wa Kakonko wako njiani.

"Watu wa Kakonko waje kulia nini?" Bukuru akauliza.

"Watajua wenyewe wakifika," akasema Butoyi.

Bukuru akanijia puani. "Wewe. Unaniona au hunioni?"

"Nakuona, mzee."

"Ni mzima au ni maiti?"

"Mzima."

"Basi fungua."

"Siwezi. Aliyeiazima si wewe."

Na ilikuwa kweli. Wakati inaazimwa yeye alikuwa amekufa. Nacheka sasa, ila siku ile nilikuwa mkaidi kama nguzo, nikiona naitetea sheria ya Mzee Salumu.

Basi msiba ukaendelea, na marehemu ndani. Mnaosema stoo haina mambo, mngekuja Kumsenga. Watu wa vijiji vya mbali ambao habari ya pili haikuwafikia walizidi kuja. Wengine walimpa pole Butoyi. Wengine walimpa pole Bukuru kwa kufiwa na Bukuru, naye, mtu aliyelelewa vizuri, akawashukuru. Chakula kikija kinaanzia kwenye kiti chenye mikono. Bukuru alikaa mlangoni kwenye kigoda, akatazama sahani ikimpita, na ukimwangalia usoni unaona kabisa ni mara yake ya kwanza kujua kigoda ni kifupi.

Alhamisi akaja mshenga kutoka Rungwe Mpya. Alisalimia wote, akampongeza Bukuru kwa kufufuka, akasema maneno yaliyopoza furaha yote. "Sisi tumefurahi. Padri yuko tayari. Lakini hatuwezi kumtoa bibi harusi chini ya shitingi ya msiba, mkosi huo hatuutaki. Semeni: kuna msiba au hakuna?"

Bukuru alimtazama Butoyi, Butoyi akaitazama shitingi.

"Basi Jumamosi asubuhi tutafika pale barabarani. Tukiona shitingi iko juu kama ilivyo, tutageuza gari. Tutaonana baada ya Pasaka."

Adelina hakulia safari hii. Alikusanya vikombe vya wageni, akaenda kuviosha nyuma ya nyumba, navyo vilikuwa vimeshaoshwa. Nikamfuata. Nilikuwa na aibu, kwa sababu mafundo yale yalikuwa yangu. Nikaanza kuporoja, nikamsimulia siku yangu ya kwanza, shuka, karatasi, bati, kidole, mpaka lile neno la Mzee Salumu la kumuuliza mtu anataka kufanya nini. Sikuwa na hekima yoyote, nilitaka tu acheke. Hakucheka. Alisema, "Hilo hakuna aliyemuuliza."

Ijumaa asubuhi alikwenda mbele ya kiti, akapiga magoti, akapiga makofi taratibu kama wanavyosalimia binti zetu. "Mwakeye, baba mdogo."

"Mwakeye, mwanangu."

"Baba mdogo, watu wote wanakwambia shusha. Mimi nataka kukuuliza. Wewe unataka kufanya nini?"

Butoyi alipapasa mikono ya kiti.

"Nataka kukaa," akasema.

"Kukaa wapi?"

"Hapa. Kitini. Nina mvi, Adelina, na kiti hiki sijawahi kukikalia. Baba yako alipokufa nililia, Mungu ananiona, nilitamani nife mimi. Lakini nikasema neno, watu wakanyamaza wakasikiliza. Sijawahi kulisikia neno langu mpaka mwisho. Sasa amerudi. Nimefurahi. Nimefurahi kweli! Ila nikishusha hiyo shitingi, narudi kwenye kigoda." Akafunika uso kwa mikono, mtu mzima, mabega yakamtikisika.

Bukuru alikuwa mlangoni, amesikia yote. "Mpumbavu wewe," akasema, na sauti yake haikuwa sawasawa. "Si ungesema?"

"Lini?" Butoyi akapaza sauti. "Lini umeniacha niseme?"

Bukuru alifungua mdomo kujibu, akaufunga. Naamini ilikuwa mara yake ya kwanza.

Adelina alikuwa bado amepiga magoti. "Baba mdogo, kesho nani ananipeleka kanisani?"

"Baba yako."

"Baba yangu yupi? Mmoja kafa, hata wasifu wake umesomwa. Aliyebaki ni wewe."

Kuna mzee alicheka puani, lubisi ikampalia. Watu wote wakamtazama Bukuru. Alitazama kigoda chake, akatazama kiti, akamtazama binti yake. "Sawa," akasema. "Mimi marehemu nimekubali."

Butoyi akasimama. Hakuinuka haraka, aliinuka kama mkubwa. "Fagieni uwanja. Lubisi iletwe. Bwana Stoo, fungua."

Mafundo yalikuwa yamelowa yakakaza kama mawe. Nilitumia sindano ya Mzee Salumu, nikatumia meno, nikatukana kimoyomoyo, lakini hakuna mwingine aliyegusa. Jumamosi asubuhi wakwe walisimama barabarani, wakaona anga tupu, wakashuka wanaimba. Butoyi alimpeleka Adelina altareni akiwa amevaa koti la Bukuru. Waliporudi, shitingi ilikuwa juu tena, mahali palepale, nguzo zilezile, ila sasa ina maua ya karatasi. Wakwe waliitazama, wakatazamana, wakaamua wana njaa.

Katikati ya muziki wakafika watu wa Kakonko. Walianza kulia tangu barabarani, na kuni na maharage vichwani. Walikaa nyuma kwa adabu, hawakuuliza, wakapewa pilau. Nasikia mpaka leo wanasema hawajaona msiba ulioandaliwa vile.

Jioni upepo ukateremka kutoka milimani na kamba moja ya pembeni ikakatika. Shitingi ikavimba, nguzo zikaanza kucheza, nami nikapiga kelele, "Shikeni shiti!" Watu walitazamana, mmoja akaokota karatasi. Ila mapacha, ambao Kiingereza hawakijui hata kidogo, waliruka pamoja wakadaka ile kamba, wakaning'inia nayo. Upepo haukutulia upesi. Hawakuweza kuachia, kwa hiyo walikaa hivyo karamu nzima, bega kwa bega, na wake zao wakawa wanawalisha. Tonge la kwanza lilikwenda kwa Bukuru, kama kawaida. Akageuza uso pembeni.

"Mpe yeye kwanza," akasema.

Niliigeukia nguzo yangu nikajifanya nakagua fundo.

Baadaye nilihamishiwa Kasulu na shitingi nikaja nayo. Mzee Salumu alipofariki, ndiyo iliyofunika waombolezaji wake, na nadhani sijawahi kufunga vizuri kama siku ile. Nyingine ni kazi za kawaida, mnazijua.

Mwezi wangu wa mwisho kazini simu ikalia. "Bwana Stoo," akasema Bukuru, "lete shitingi. Safari hii nimemgusa kwa mkono wangu." Butoyi alijilaza mchana baada ya kupalilia, hakuamka.

Nilikwenda, nikafunga. Kiti chenye mikono kilikuwa katikati ya uwanja, kitupu, na hakuna aliyethubutu kukisogelea. Bukuru, mkuu wa msiba, alikaa pembeni yake kwenye kigoda. Siku ya kuanua ikafika. Uwanja ukafagiwa, lubisi ikanyweka, Adelina na watoto wake wakakusanya vyombo. Nikashika fundo la kwanza.

"Nifungue, mzee?"

"Ngoja kidogo."

Watu wakaanza kuaga mmoja mmoja. Nikauliza tena. Akasema ngoja. Nikaona macho yake hayako kwangu. Yanatazama nyuma, kwenye zile nafasi za mwisho wanapokaa wanaume waliochelewa. Jua likapinda, gari langu linangoja. Ndipo nikakumbuka nilichofundishwa siku nilipochafua shati. Nikachuchumaa karibu yake.

"Mzee Bukuru, unataka kufanya nini?"

"Nataka kumngoja," akasema.

Akaonesha kwa kidevu zile nafasi za mwisho.

"Mimi si nilirudi?" akasema. "Nilikaa pale nyuma, nikala, hakuna aliyeniona. Ukiishusha, akija atajuaje kuwa ni hapa?"

Nikaondoa mkono kwenye fundo. Nikazunguka uwanja nikikaza kamba zote, nikamuaga, nikarudi Kasulu na gari tupu. Adelina huniambia kwamba siku hizi wanaanikia maharage chini yake, kuku wanajikinga mvua, na baba yake kila jioni anakaa hapo kwenye kigoda, kile kiti kando yake.

Kwa hiyo, Deo, acha dari. Shitingi kubwa iko Kumsenga, imefungwa kwa mafundo yangu, na sheria unaijua: aliyefunga ndiye afungue. Mimi nimestaafu.